Mzee Aliyeniwashia Jiko

Miaka tisa nilipika jiko moja na mzee huyu, na miaka yote tisa hakuniruhusu kuwasha moto. Kukata nilikata, kukoroga nilikoroga, lakini moto ulikuwa wake. Kila asubuhi nilisimama na aproni yangu kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi, mpaka aje, azungushe kitufe cha jiko la gesi, moto uwake, aseme, "Haya, Mama, sasa pika." Mimi niliyelea watoto sita na wajukuu juu yao, nawashiwa jiko!

Ndiyo sheria ya dini yao. Tulikuwa kwenye kituo cha jamii ya Wayahudi, kaskazini mwa Dallas. Kituo kina bwawa la kuogelea, shule ya chekechea, ukumbi wa mikutano na jiko kubwa la kulisha hao wote. Mzee hakuwa mpishi wala hakuwa mkubwa wangu wa kazi. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba hakuna kinachopikwa mle ndani kinyume cha sheria ya chakula chao. Alikuwa jicho, basi. Jina lake sitalitaja. Anayemjua atamjua, na asiyemjua jina halitamsaidia kitu. Nitamwita Mzee, kama nilivyomwita siku zote.

Naandika habari zake kwa sababu kuna kosa nililolifanya jikoni kwake, siku walipokuja wanafunzi kutoka nyumbani Kenya. Kosa hilo alilibeba msichana mmoja ambaye hakuwa nalo. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, na Mzee alijua kwamba nimenyamaza. Nimekaa nalo miaka mitano. Nitalifikia, sitalikimbia, maana nimelikimbia vya kutosha. Lakini kwanza mjue mtu mwenyewe alikuwaje, la sivyo hamtaona ukubwa wa aibu yangu.

Siku ya kwanza kazini nilimpa mkono. Akaweka wake kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha gari. Kwetu, mtu akikunyima mkono amekwambia wewe ni mchawi. Nilimnunia miezi miwili. Nilikuwa naweka sahani mezani kwa kishindo ili asikie. Mwishowe mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akiosha vyombo akanivuta kando. "Mama, usikasirike. Ule mzee hashikake mukono ya mwanamuke hata mumoja. Hata ya mukubwa wetu." Nikamtazama siku kadhaa, nikaona ni kweli. Mkurugenzi mwenyewe, mama wa Kiyahudi, alisalimiwa kwa kifua. Basi nikajua kwamba hakunidharau, alikuwa amejiwekea mpaka. Na mimi ni mtu wa mipaka. Tukapatana.

Macho yake yalikuwa kitu cha kuogopa. Alivunja yai moja moja kwenye glasi, akainua glasi kwenye taa, akazungusha, akitafuta tone la damu. Mayai mia moja ya kiamsha kinywa, mia moja hivyo hivyo. Mboga za majani alizikagua jani kwa jani, mbele na nyuma. Siku moja niliomba tuwapikie wazee wanaokula kituoni sukuma wiki. Akakubali, kisha akasimama dirishani na mafungu kumi na mawili ya sukuma kuanzia saa mbili mpaka saa tano.

"Mzee, nimeiosha hiyo mara tatu."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Yule ambaye hajui kuogelea amekufa. Natafuta yule anayejua."

Na akampata! Mdudu wa kijani, mdogo kama punje ya chumvi, amelala kwenye mkunjo wa jani. Akaniletea kwenye ncha ya kisu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Lakini mtu huyohuyo aliyeona mdudu kwenye mkunjo hakuwahi kujua miwani yake iko wapi. Ilikuwa kichwani, au kwenye friji, na mara moja ndani ya kopo la mchele. Alifoka kijiko kikiwekwa mahali si pake, na yeye mwenyewe alichelewa kazini kila siku ya Mungu. Na huyo asiyeiamini saladi aliamini watu ovyo. Mtu yeyote aliyefika mlango wa nyuma na hadithi ya shida, iwe ya kweli iwe ya kutunga, Mzee alimfungia chakula na kumwita bwana. Nikimwambia, "Huyo jana alisema mama yake amekufa, leo tena?" hujibu, "Basi ana bahati mbaya sana."

Dini yake aliishika barabara. Hata hivyo nilimkuta siku moja anakagua mayai huku anaimba wimbo wangu wa kanisani. Alikuwa ameudaka kwangu, maana mimi hukata vitunguu nikiimba. Nikamwambia, "Mzee, unajua unamwimbia Yesu?" "Mimi naimba sauti tu," akasema. "Maneno ni ya kwako, kaa nayo." Akaendelea.

Chakula nilichokipika nyumbani kwangu Irving hakukionja kamwe. Lakini mandazi aliyapenda kwa pua. Nikija na kopo la mandazi hunipeleka nje, kwenye maegesho ya magari, mbali na jiko lake, aniambie, "Fungua." Nafungua. Anainama mikono ikiwa nyuma, anavuta pumzi. "Iliki. Umeongeza ganda la limau. Na leo mafuta yalikuwa moto mno." Na kweli yalikuwa moto mno. Wajukuu wangu, wanaoyala mandazi hayo, hawajui kutofautisha iliki na sabuni. Huniambia tu, "It's good, Shosho," macho kwenye simu.

Dada yangu mdogo alipofariki nyumbani Molo sikuweza kwenda kumzika, makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika. Watu wa kanisa walijaa kwenye nyumba yetu. Waliimba, walikaanga kuku, walisali kwa zamu, kila mtu na neno lake la faraja, na mengine hayakunifariji. Mzee akafika na mfuko wa mayai ya kuchemsha. Akatafuta kiti kifupi kuliko vyote, kigoda cha mjukuu wangu, akakikalia magoti yamefika kifuani. Hakusema kitu kwa saa nzima. Shemasi wetu akaninong'oneza, "Huyu mzungu amekasirika nini?" Mimi sikujua desturi yao, kwamba mgeni wa msiba hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Mwishowe nikasema tu, bila kumlenga mtu, "Alikuwa mdogo wangu." Mzee akasema, "Niambie jina lake." Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, mpaka akalitamka sawasawa. Basi. Watu arobaini walikuja nyumbani siku ile, na hakuna mwingine aliyeuliza jina.

Huyo ndiye mtu niliyemficha kosa langu.

Sasa niseme juu ya neno moja, maana humo ndimo nilimojikwaa. Chakula kinachofuata sheria yao kina jina, na jina hilo hutamkwa "kosha". Mimi shule niliishia darasa la nne. Kiswahili changu kingi nilikipata kwa mama jirani aliyekuja Molo akitoka pwani, na yeye alikuwa akituambia, "Haya watoto, kosheni vyombo," yaani tuvioshe. Basi wiki zangu za mwanzo Mzee ananyoosha kidole kwenye sufuria, "Hii kosha?" Nami nadhani ananiuliza kama nimeiosha. Namjibu "Bado," naiosha. Baada ya muda anarudi, "Ile nyingine, kosha?" Naiosha na ile. Wiki mbili nilisugua vyombo safi mpaka vidole vikachubuka, nikisema moyoni, huyu mzee ameniona mchafu kiasi gani? Mkongomani alipomweleza, Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la viazi. Tangu hapo akitaka kunichokoza husema kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama! Osha!"

Tulicheka, lakini maana yangu ya kwanza haikunitoka kichwani. Sheria niliijua vizuri. Nyama na maziwa havikutani, si kwenye sahani, si kwenye sinki, si kwenye sufuria. Vyombo vya nyama vilifungwa utepe mwekundu, vya maziwa utepe wa buluu, na upande mmoja ukitumika mwingine hufungwa kwa ufunguo. Mzee aliniambia, "Sufuria ina kumbukumbu, Mama. Sabuni haifiki huko." Nilimwitikia ndiyo. Ndani yangu nilisema, chombo kikioshwa kimeoshwa, matata yameisha. Mwanamke aliyelelewa na sufuria moja, iliyopika ugali, maharage, chai na maji ya kuoga mtoto, utamwambia nini kuhusu kumbukumbu ya sufuria?

Wanafunzi walikuja mwaka wangu wa saba. Walikuwa kumi na wawili, wa chuo cha ualimu, pamoja na mwalimu wao, wametua uwanja wa ndege jana yake, na hiyo ilikuwa siku yao ya kwanza ya masomo ya ugenini. Mwenyeji wao alikuwa amepanga waanze kwa kutembelea kituo chetu. Mkurugenzi akaniomba niwapokee mlangoni, kwa kuwa ni watoto wa kwetu. Nilivaa kitenge. Nilijiona mkubwa siku hiyo, siwezi kudanganya.

Mlangoni askari mwenye bastola akawapekua mifuko. Msichana mmoja mrefu wa Kitale akanisogelea. "Shosho, kwani hii ni benki?" Nikamwambia, "Hawa watu wamewahi kuuawa wakiwa wanasali. Si hapa, kwingine. Ndiyo maana." Akamshukuru askari kwa adabu, na wenzake nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Huyo ndiye msichana ninayemzungumzia. Walikuwa wamemchagua atoe neno la shukrani kwa niaba yao siku ya kuondoka, na mwalimu wao alikuwa ameshaniambia kwa fahari, "Huyu ndiye mdomo wetu."

Nikawapanga kwenye korido, nikawaambia, "Msije mkatuaibisha hapa. Msiguse kitu hamjaambiwa mguse. Mmenisikia?" Wakaitikia, "Ndiyo, Shosho." Kumbukeni kwamba hayo niliyasema mimi.

Walikuwa wametarajia hekalu. Wakakuta bibi wa miaka themanini anatoka bwawani na kofia ya plastiki, akiwapungia mkono. Mvulana mmoja akanong'ona, "Hawa ndio Wayahudi wa Biblia?" Mwenzake akamjibu, "Si unaona ametoka Yordani." Wakaangua kicheko. Jikoni wakakutana na Mzee, na wa kwetu ni wa kwetu, swali la kwanza likawa kabila. "Sir, wewe ni wa kabila gani kati ya yale kumi na mawili?" Mzee akajifikiria kwa uzito. "Nadhani la wale waliochelewa kutoka Misri," akasema. "Mke wangu alikuwa na hakika." Wakampenda hapo hapo. Akawaonyesha mayai, akawaonyesha tepe, nyekundu na buluu, akawaeleza vizuri kuliko alivyowahi kunieleza mimi. Kisha akaenda kwenye chumba kidogo kusali sala yake ya mchana, na wao wakaketi ukumbini kula. Siku ile ilikuwa zamu ya nyama.

Wakaletewa chai. Chai yenyewe ina barafu.

"Aki, barafu kwa chai!"

"Hii imepoa ama ilikufa?"

Msichana wa Kitale akaja mlango wa jikoni, amekunja mikono. Kiyoyozi kilikuwa kinawapiga, na usingizi wa safari uko machoni. "Shosho, pole kwa kukusumbua. Hakuna chai ya kawaida?"

Ningesema hakuna, yakaisha. Lakini nilitazama ukumbini, nikaona watoto wa kwetu wanatetemeka mbele ya glasi za barafu, nikaona aibu. Mgeni kutoka nyumbani aondoke kwangu bila chai? Upande wa maziwa ulikuwa umefungwa. Nikachukua sufuria kubwa ya utepe mwekundu. Nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, kisha nikaiosha tena. Nikaenda friji ya chekechea nikachukua maziwa. Moto Mzee alikuwa ameuacha unawaka. Tangawizi niliitoa kwenye mkoba wangu, maana natembea nayo kwa ajili ya kifua. Nikatia majani, sukari, vyote pamoja, kama kwetu. Ilipoanza kupanda nikampa msichana mwiko. "Koroga isimwagike, nilete vikombe."

Akasitasita. "Shosho, si ile utepe nyekundu ni ya..."

"Koroga," nikamwambia. "Mimi ndiye niko hapa miaka saba."

Niliporudi na vikombe nilimkuta Mzee amesimama mbele ya jiko, mkurugenzi kando yake, na nyuma yao mwalimu wa wanafunzi. Msichana yuko na mwiko mkononi, chai imefika ukingoni. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alinyoosha mkono akazima moto. Mkurugenzi akauliza kwa upole, "Ni nani aliyepika maziwa humu?"

Msichana akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mkubwa wake, akingoja mkubwa aseme. Na mimi nikatazama vikombe. Nilivihesabu. Vilikuwa kumi na vinne.

Kisha nikasikia, "Ni mimi. Nisameheni, sikujua."

Kwetu mtoto aliyelelewa hamuumbui mkubwa mbele ya wageni. Nani aliwafundisha? Ni sisi. Nikajificha nyuma ya malezi mema ya mtoto wa mtu.

Mwalimu wake akageuka moto. "Siku ya kwanza! Siku ya kwanza tu, na umeelezwa kwa mdomo na kwa rangi! Umetuaibisha taifa zima." Akamsimamisha ukumbini mbele ya wenzake na wenyeji, aombe radhi kwa Kiingereza. Akaomba. Ile kazi ya kutoa shukrani akamvua palepale, akampa mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitenge changu. Walipokuwa wanaondoka alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Usijali, Shosho." Heri angenizaba kofi.

Jiko lilifungwa siku tatu. Mzee, na umri wake, alimwaga maji yanayochemka kwenye kila meza, akachoma matanuri kwa moto wa gesi wa mkononi, akatumbukiza vijiko kimoja kimoja. Mbele ya kamati ya kituo alisema ufunguo ulikuwa wake na yeye ndiye aliyetoka akauacha moto. Wakamwekea mtu wa kumwangalia, mwaka mzima, kijana wa kumkagua mkaguzi. Alimkaribisha kwa heshima, na kila asubuhi alimtafutia kiti.

Jioni ya siku ile nilimkuta ameinamia ile sufuria, pua ndani, mikono nyuma. Alisimama wima akanitazama. "Mama, una neno la kuniambia?"

"Sina," nikasema.

Akangoja. Kisha akasema, "Haya."

Wana siku yao kubwa ya kufunga, na kabla ya siku hiyo Mzee alikuwa akizunguka kwa kila mfanyakazi, hata wa kufagia. "Kama nimekukosea mwaka huu, naomba unisamehe." Mwaka huo alifika kwangu, akasema maneno yake. Nikajibu, "Nimekusamehe, Mzee." Hakuondoka. Alisimama hapo nusu dakika, kofia mkononi, akinipa nafasi. Nikageuka nikaendelea kumenya karoti. Mimi, mwanamke wa kufundisha wengine adabu, nilisamehe nikashindwa kusamehewa. Mwaka uliofuata akaja tena, akasimama tena. Karoti tena.

Mtauliza nilikuwa naogopa nini. Mwanzoni kazi, basi. Baadaye haikuwa kazi. Nilipoacha kazi nikahamia Pearland kwa binti yangu, ambaye ni nesi, hakukuwa na wa kunifukuza popote, na bado nilinyamaza. Na kila Krismasi yule msichana alikuwa akinitumia ujumbe, "Shosho, heri ya sikukuu, Mungu akulinde." Namba alikuwa ameichukua kwangu asubuhi ile ile, kabla ya chai. Nilimjibu "Amina". Mkono ulikuwa mzito kama nimebeba gunia.

Mwaka huu yule Mkongomani alinipigia, akaniambia Mzee amehamishiwa Houston kwa binti yake, anaumwa, haendi popote. Nyumba yenyewe haikuwa mbali, nusu saa kwa gari. Nilikaa wiki mbili nikitafuta sababu ya kutokwenda. Zilikuwepo nyingi, nikazimaliza zote.

Nilikwenda asubuhi. Binti yake alinifungulia, akatuacha sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, amepungua nusu. Akaweka mkono kifuani, nami nikaweka wangu.

"Mama. Nani anakuwashia jiko siku hizi?"

"Najiwashia mwenyewe."

"Hatari hiyo," akasema.

Sikuweza kucheka. Niliyasema nikiwa bado nimesimama, na mkoba begani. Nilisema chai ile niliipika mimi, kwamba msichana alinionya kuhusu utepe na nikamwamrisha akoroge, kwamba alibeba kosa langu mbele ya watu na nikamwacha. Nilisema na karoti.

"Tangawizi," Mzee akasema. "Wasichana wanaoshuka kwenye ndege hawatembei na tangawizi."

"Kwa nini hukunisema?"

"Lilikuwa neno lako. Ningelisema mimi, lingekuwa langu." Akapumzika, pumzi zilikuwa fupi. "Nilikosa pia. Nilisema kosa ni langu, nikaona nimefanya wema. Lakini msichana aliondoka na jina baya, nami nilikuwa najua. Nilikungoja wewe. Sikupaswa kungoja kiasi kile."

"Nisamehe, Mzee."

"Siku zangu tatu za kuchemsha maji? Hizo nilikusamehe zamani. Na yule kijana aliyenikagua, hakuwa mtu mbaya." Akalivuta blanketi. "Ya msichana sina ruhusa kuyasamehe. Kwetu hata Mungu hagusi hilo. Deni la mtu analisamehe mtu. Namba yake unayo?"

Nilikuwa nimetumaini hataniuliza. "Ninayo."

"Saa ngapi kwao?"

"Saa kumi na mbili jioni."

Nikakaa, nikapiga.

"Shosho! Wa-a-a! Leo umenipigia mwenyewe? Uko salama?" Nilisikia watoto wanapita nyuma yake, na kengele. Anafundisha sasa, shule ya bweni.

"Niko salama. Nina neno. Lile la chai."

Kengele ikaisha.

"Ile chai niliipika mimi, mwanangu. Nikakuacha usimame peke yako. Nakuomba msamaha."

"Shosho," akasema polepole, "mimi nilikungoja. Hata kwa basi bado nilikuwa nangoja. Nikasema labda atapiga kwa mwalimu kesho. Labda kesho kutwa."

"Najua."

"Hujui. Yule mwalimu sasa ni mkuu wangu hapa. Kila mgeni akija anamwambia, huyu ni Madam Chai, aliwapikia Wayahudi maziwa kwa sufuria ya nyama. Wanacheka. Na mimi nacheka." Sauti yake ilikatika kidogo, akairudisha. "Kukusamehe nitakusamehe, Shosho, wewe ni mzazi. Lakini usiniambie mimi. Mimi nilijua. Mwambie yeye. Yuko ofisini sasa hivi, nakutumia namba."

Simu ikalia, namba ikafika. Ni mwanamume wa kelele yule, na mimi sijazoea kufokewa.

Mzee hakuelewa Kiswahili chetu, lakini alinitazama usoni akaelewa. Akainua mkono, akachomoa kifaa cha kumsaidia kusikia sikioni mwake, kimoja, kisha cha pili. Akavipanga mezani kando ya glasi ya maji na kufumba macho, ili nifedheheke bila shahidi. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu.

Nilibonyeza ile namba. Kabla haijaanza kuita nikavichukua vile vifaa vyake, nikamgusa blanketi kwa ncha ya simu afumbue macho, nikaviweka tena mbele yake, karibu na vidole. Akatikisa kichwa kukataa.

"Vaa, Mzee," nikamwambia, na sikuiteremsha sauti. "Nitasema kwa Kiingereza. Nataka usikie."

Akavivaa. Upande wa pili mwanamume akasema, "Hallo? Nani mwenzangu?"